Nani amwambie binti? Riwaya ya Amy Tan mikononi mwa wasomaji wa Mtwara

Riwaya ya The Joy Luck Club imewagawa wasomaji tangu Amy Tan, mwandishi Mmarekani mwenye asili ya China, alipoitoa mwaka 1989, na mgawanyiko wenyewe haufuati mstari mmoja. Wapo mabinti wa wahamiaji waliosema wamejikuta humo kwa mara ya kwanza. Wapo Wamarekani wenye asili ya China waliosema wametukanwa. Wapo wasomaji wasio na uhusiano wowote na China waliowapenda akina mama wa kitabuni na kuwachoka mabinti, na wengine kinyume chake kabisa. Ilifika fainali ya tuzo ya taifa ya vitabu ya Marekani, ikauzwa kwa wingi, ikatengenezewa filamu mwaka 1993 chini ya Wayne Wang, na kila hatua ubishi ukaongezeka.

Hapa Mtwara nimekuwa nikiufuatilia ubishi huo kwa karibu: kwa walimu, kwa wanafunzi wa vyuo, kwa wauguzi wanaopokezana nakala iliyochakaa, na kwa akina mama wa Mikindani na wa upande wa Tandahimba ambao hawakuisoma wenyewe kwa Kiingereza, walisimuliwa na mabinti zao sura baada ya sura. Naandika kwa sababu naamini wasomaji hawa wameona kitu ambacho wahakiki wengi wa Marekani walikipita pembeni. Huko walibishana kama Tan amesema kweli kuhusu China, na kama mama wa Kichina ni mkali kupita kiasi. Hapa watu wamebishana juu ya nani aliyepaswa kumwambia binti.

Kwa ambaye hajaisoma, niieleze kwa ufupi. Mama wanne wanahama China mwishoni mwa miaka ya 1940 na kuangukia San Francisco. Wanaanzisha kikao cha kucheza mahjong, mchezo wa Kichina wa vigae, na kula pamoja. Kila mmoja ana binti aliyezaliwa Marekani; Lindo ana Waverly, An-mei ana Rose, Ying-ying ana Lena. Kitabu kinapoanza, Suyuan Woo, mwanzilishi wa kikao, ameshafariki, na binti yake Jing-mei, ambaye Kimarekani anaitwa June, anaombwa akalie kiti cha marehemu mezani. Usiku huo wenzake mama wanamwambia habari nzito: watoto pacha ambao Suyuan aliwaacha njiani wakati wa vita China wako hai, ni wanawake wazima, na wamepatikana. Wanampa hundi ya dola 1,200 aende akawaone. Hadithi zote humo ni 16, zikipokezana kati ya akina mama na mabinti.

Nianze na wasichana, maana ndio wengi. Wengi wao hawakuanzia mwanzo wa kitabu. Walianzia kwenye hadithi ya piano, ambayo mara nyingi husomwa peke yake. Suyuan anataka June awe mtoto wa ajabu, kama watoto anaowaona kwenye televisheni. Anamfanyia usafi wa nyumba mzee mmoja ili mzee amfundishe June piano. June hajitumi, anaharibu mbele ya watu, na mama anapomlazimisha aendelee, binti anamtupia neno baya kuliko yote: anatamani asingezaliwa, awe amekufa kama wale pacha. Mama ananyamaza. Masomo ya piano yanaishia hapo.

Wasichana wa vyuo niliozungumza nao karibu wote walikuwa upande wa June. Walisema mama yule hakumwona mtoto wake, aliona tu mtoto aliyemtaka. Mmoja alisema kwa uchungu kwamba kulinganishwa na watoto wa wenzio ni jambo linalobaki mwilini mpaka utu uzima, na sikuwa na sababu ya kumpinga.

Lakini wasikilize waliosimuliwa. Mama mmoja wa Mikindani amebangua korosho nyumbani kwa miaka, zile za kubangua kwa mkono, ambazo mafuta ya ganda lake hula ngozi ya vidole na kuiacha nyeusi hata ukinawa kwa majivu. Fedha hiyo ndiyo iliyolipa tuisheni ya binti yake. Binti alipofika kwenye habari ya piano, mama huyo hakuuliza lolote juu ya kipaji wala ndoto. Aliuliza nyumba ya yule mzee ilikuwa na vyumba vingapi. Alitaka kujua ukubwa wa kazi. Alipoambiwa kitabu hakisemi, alisikitika kwamba mwandishi amehesabu saa za mazoezi ya mtoto, kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, na hakuhesabu saa za mama kupiga deki.

Hoja hiyo siwezi kuipuuza. Kitabu kizima kimeandikwa na binti, na hata sura za akina mama zimepita kwenye kalamu ya binti. Tan alizaliwa Oakland, California, mwaka 1952. Alikuwa mtu mzima alipokwenda China mwaka 1987 pamoja na mama yake kukutana na dada zake wa upande wa mama, waliobaki huko. Riwaya ilitoka miaka miwili baadaye. Anamtetea mama kwa moyo wote, lakini anamtetea kama mtu aliyefika amechelewa. Msomaji aliyebangua korosho kwa ajili ya mtoto anaisikia hali hiyo mara moja.

Sasa kuna kundi la tatu, nalo ni la wanaume, na hapa hoja zao zimefanana bila kupangwa na hoja za Frank Chin. Chin ni mwandishi wa tamthilia, Mmarekani mwenye asili ya China, na mwaka 1991 alichapisha insha kali akimshutumu Tan pamoja na waandishi wenzake Maxine Hong Kingston na David Henry Hwang kwamba wanawapa wasomaji weupe China ya kubuni. Kwa Tan alianzia ukurasa wa kwanza, kwenye ngano ya mwanamke aliyebeba bata maji kutoka Shanghai hadi Marekani akanyang'anywa na maofisa wa uhamiaji, akabaki na unyoya. Chin alisema ngano hiyo haimo katika mapokeo ya Wachina. Alisema pia kwamba mwanamume wa Kichina katika maandishi ya namna hii ni mkatili au ni bure kabisa.

Mtu wa Kusini anaielewa hasira hiyo upesi. Tumeandikwa na kusimuliwa sana na watu wasiotujua. Ukitaja Mmakonde mbali na huku, msikilizaji anaona kinyago, chale za usoni na vichekesho vya unyago, kisha anadhani amemaliza. Mwalimu mmoja wa Lindi, mtu makini sana, aliniambia hawezi kuipenda riwaya ambayo mama wa mtu anakata nyama ya mkono wake akaipika supu ya kumponya mzazi anayekufa, kwa sababu anajua msomaji wa mbali atakachokumbuka ni hicho. Nakubali hatari hiyo ipo. Nakubali pia kwamba ukiwapanga waume wa kitabu hiki, yaani Wu Tsing tajiri anayekusanya wake, mume wa kwanza wa Ying-ying aliyemtelekeza, Ted wa Rose anayeidai talaka ghafla, na Harold wa Lena, orodha inasikitisha.

Harold huyo, nitamtaja kwa kupita tu, ndiye aliyewachangamsha watu kuliko wote. Mume na mke wanagawana gharama nusu kwa nusu, na karatasi ya madeni imebandikwa kwenye friji, hata aiskrimu ambayo mke haili imo. Nesi mmoja kijana alisema huo ni uwazi. Mama yake akajibu kwamba mume anayeandika aiskrimu ukutani ataandika na dawa ya mtoto. Mjadala wa ndoa uliendelea mpaka jua likazama, na Wachina wakasahaulika kabisa.

Lakini Chin aliisoma riwaya kama kesi kati ya wanawake na wanaume, au kati ya China ya kweli na China ya kubuni, na mimi nadhani kesi yenyewe iko kwingine.

Katika makabila yetu makubwa ya huku, Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, ukoo umefuatwa tangu zamani upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na kaka wa mama, yaani mjomba, ana kauli kubwa. Mtu angetegemea basi kwamba mama ndiye anayemwambia binti kila kitu. Desturi inasema vingine. Mama mzazi hamfundi mwanawe. Kuna mambo ya mwili, ya ndoa, ya aibu na ya historia ya wanawake wa ukoo ambayo mama hayasemi na binti hayaulizi, kwa sababu heshima kati yao haiyabebi. Yanasemwa na kungwi, na somo, na bibi, na mama mkubwa. Mwali akiwekwa ndani, wanaoingia kumfunda ni hao. Wanamwambia kwa nyimbo na kwa mafumbo, na kwa maneno makavu pale inapobidi. Binti akitolewa, anarudi kwa mama yake akijua mambo ambayo mama hakuyatamka, na mama anajua kwamba anajua.

Sifichi matatizo ya unyago. Wamechezwa wasichana wadogo mno, wapo walioacha shule wakidhani wameshakuwa watu wazima, na mimba za mapema zimeharibu maisha ya wengi katika mikoa hii miwili ya Lindi na Mtwara. Anayepigania wasichana wabaki darasani ana haki, na mimi niko naye. Ninachokizungumzia ni ule mpango wenyewe: kwamba kati ya mama na binti awepo mwanamke wa tatu mwenye ruhusa ya kusema.

Irudie sasa riwaya ukiwa na mwanamke huyo akilini, uone jinsi alivyojaa humo. An-mei, akiwa mtoto, hajui kwa nini mama yake ni mke wa nne katika nyumba ya tajiri, mke asiye na heshima. Mama yake hamwambii. Anayemwambia ni mtumishi, Yan Chang: kwamba mama alinaswa kwa hila ya mke wa pili, akaingiliwa kwa nguvu, akakosa pa kwenda. June hajui kwamba dada zake wako hai. Wanaomwambia ni wenzake mama, pale mezani. Na mwishoni, June anapotaka kujua ilikuwaje mama yake akawaacha watoto njiani, anayemsimulia ni baba yake, wakiwa hotelini Guangzhou, naye anamwomba asimulie kwa Kichina. Hakuna siri nzito hata moja kati ya hizi tatu iliyotoka kinywani mwa mama kwenda sikioni mwa binti.

Na zile sura za mwisho ambamo akina mama wanazungumza kwa kina? Ying-ying, Lindo na An-mei wanatuambia sisi. Mabinti hatuwaoni wakisikiliza. Msomaji anajua juu ya Ying-ying mambo ambayo Lena, kwa sehemu kubwa ya kitabu, anaishi bila kuyajua.

Ndiyo maana siwalaumu akina mama wa San Francisco kwa ukimya wao, wala siwalaumu mabinti kwa uziwi wao. Waliotoka China walivuka bahari bila mashangazi, bila bibi, bila yaya wa utotoni, bila jirani aliyemwona mama akiwa msichana. Wakabaki mama na binti peke yao ndani ya fleti, wakitarajiwa kuambiana kila kitu uso kwa uso, tena kwa lugha ambayo mmoja wao haijui vizuri. Uhamiaji ulimwondoa mwanamke wa tatu. Kikao cha mahjong ndicho kilichobaki mahali pake, na hakikupewa kazi hiyo mpaka mmoja wao alipokufa.

Mwalimu yule wa Lindi hakunikubalia. Alisema akina mama wa Tan hawanyamazi hata kidogo: wanasimulia kutwa, wanakosoa nywele, wanakosoa wachumba, Lindo anamtembeza Waverly sokoni akijisifu kwamba binti yake ni bingwa wa sataranji. Kwake yeye tatizo ni mabinti wasiosikiliza, na hoja yangu inawapa udhuru. Ana sehemu ya kweli. Kuna kusema kwingi humo. Ila ukitazama wanachosema kutwa, ni maagizo na mafumbo. June alisimuliwa habari za Kweilin, mji wa China alikoishi mama yake, na za vita mara nyingi tangu utotoni, kila mara mwisho ukibadilika, na akadhani ni ngano. Usiku ambao mama alimpa mwisho wa kweli, kwamba kulikuwa na watoto, hakukuwa na mtu wa kumshika mkono binti na kumwambia: hili sasa usilichukulie kama ngano.

Jambo hili kwetu si la kitabuni tu. Baada ya mauaji ya tarehe 16 Juni 1960 huko Mueda, katika jimbo la Cabo Delgado kaskazini mwa Msumbiji, na zaidi baada ya FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, kuanza vita tarehe 25 Septemba 1964, watu wa jimbo hilo walivuka mto Ruvuma kwa maelfu. Wengine waliwekwa makazi ya wakimbizi kama Rutamba, Lindi. Wengine walipokelewa vijijini na ndugu wa ng'ambo hii, Wamakonde wenzao. Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975 wengi walirudi, na wengi walibaki. Wanawake waliobaki, ambao hapa watu walizoea kuwaita Wamawia, walikuja na chale usoni na tundu la pambo la ndonya kwenye mdomo wa juu. Mabinti zao waliozaliwa huku hawakuwa na alama hizo, na wapo waliokaa darasani wakiomba mama asije siku ya wazazi. Anayesoma jinsi Waverly anavyoona haya mama yake mbele ya watu hahitaji kuelezwa China iko wapi.

Nilikuwepo bibi mmoja wa kundi hilo aliposimuliwa kisa cha Suyuan. Amezeeka, chale zake zimeingia ndani ya mikunjo ya uso, anasikia kwa sikio moja. Mjukuu alisimulia kwa sauti ya juu: mwanamke anawakimbia Wajapani kwa miguu, amebeba pacha, anatupa mizigo mmoja mmoja, anaharisha damu, anajua atakufa, anawaweka watoto kando ya barabara na kuondoka. Vijana waliokuwepo walianza kubishana papo hapo kama mama wa kweli anaweza kufanya hivyo, ubishi ule ule ambao wasomaji wameufanya kila mahali. Bibi aliwaacha wapige kelele. Kisha akauliza, "Aliwaachia nini?"

Mjukuu akafungua kitabu kutafuta. Vito chini ya nguo ya mmoja, fedha chini ya nguo ya mwingine. Picha za familia, na nyuma ya picha majina ya watoto na mahali pa kuwapeleka Shanghai. Bibi akasema basi huyo hakuwatupa. Akaeleza kwamba kwenye kuvuka, mtoto aliyeachwa na kitu cha kumtambulisha alikuwa na watu, na aliyeachwa mtupu ndiye aliyetupwa. Alieleza kwa utulivu wa mtu anayetaja utaratibu unaojulikana. Binti yake, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, alikuwa amekaa pembeni akichambua mchele, na mkono ulisimama juu ya ungo. Sikuuliza, na haikuwa haki yangu kuuliza.

Nilichojifunza kwa bibi yule kuhusu kitabu ni hiki: swali la kama Suyuan ni mama mwema ni swali la waliokaa salama. Aliyepita njia hiyo anasoma vitu vilivyoachwa, anavihesabu, na kwa hivyo anapata jibu. Wahakiki walioita tukio hilo la kutia chumvi, na wasomaji waliosema linawatoa machozi kwa makusudi, hawakushughulika na vile vito na picha. Tan alivyoviandika kimoja kimoja, naamini alijua anachofanya.

Lakini wasomaji wa Mtwara wana lalamiko moja dhidi yake ambalo mimi naliona zito kuliko yote ya Frank Chin, na sijapata wa kunijibu. Hadithi ni 16. Hakuna hata moja iliyopewa wale pacha. Chwun Yu na Chwun Hwa waliokotwa na mtu na mkewe maskini, wakalelewa, wakakua, wakamaliza nusu ya umri wao wakimsubiri mama ambaye walijua aliwahi kuwapo. Kitabu kinaishia uwanja wa ndege wa Shanghai, June akiwakumbatia, na baada ya hapo hatusikii wanasema nini. Wao ndio waliobaki. Huku mpakani kila familia iliyovuka ina waliobaki. Tangu mwaka 2017, vita vya Cabo Delgado vilipoanza upya kwa sura nyingine, watu wamevuka Ruvuma tena, na tena kuna waliobaki ng'ambo. Mwandishi aliyevuka, au aliyezaliwa na aliyevuka, huandika juu ya waliofika. Yule binti aliyekuwa anachambua mchele aliniuliza baadaye, tukiwa njiani kuelekea stendi, kama yupo mtu aliyeandika kitabu cha dada waliobaki. Nilimwambia kwa Kiswahili sijakiona. Akasema basi kiandikwe na mtu wa huku, na asiwe binti wa June.